Unga Mweupe Chumbani mwa Mzazi

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, aliyemuumba mbu kwa hekima anayoijua Yeye, kisha akampa mwanadamu akili ya kumwepuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na waja wema wote. Baada ya hayo, sikilizeni habari za nyumba moja ya Kisangani, katika komini ya Tshopo, miaka ile ya vita.

Mkubwa wa nyumba alikuwa mama Hadidja, mjane, mzaliwa wa Kasongo katika Maniema. Aliuza samaki waliokaushwa kwa moshi. Wa pili alikuwa mwanawe, Ismaël. Miaka ile mto ulikuwa umefungwa, na boti hazikupanda kutoka Kinshasa. Basi Ismaël alisukuma baisikeli kwa njia ya msitu hadi Opala, akarudi na samaki wa mto Lomami. Wa tatu alikuwa Viviane, mke wa Ismaël, aliyekuwa ametoka kujifungua. Wa nne alikuwa mtoto Assani, ambaye kazi yake ilikuwa kunyonya na kulala. Wa tano alikuwa paka. Walimwita Komanda, kwa sababu alichukua samaki wa watu bila kuomba, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Palikuwa na wa sita, naye hakuwapo tena. Jina lake Zaina, mtoto wa kwanza wa Viviane. Malaria ilimchukua katika mvua za mwaka uliotangulia, wakati mapigano yalipofunga njia, na kituo cha afya hakikuwa na dawa. Mama Hadidja ndiye aliyembeba mgongoni siku ile ya mwisho. Tangu hapo, kila aliposikia mbu akilia sikioni, moyo wake ulishtuka kama aliyesikia bunduki. Assani alipozaliwa, alijiapiza kwamba mbu hatamgusa mtoto huyu.

Kwa desturi ya nyumba yake, mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, hukaa chumbani hadi arobaini yake ifike, siku ya arobaini tangu kujifungua. Haendi sokoni, hateki maji, hashiki sufuria. Hulishwa vizuri na hukandwa kwa maji ya moto. Mama Hadidja aliishika desturi ile kwa mikono miwili. Aliufunga mlango, na dirisha akalizibia kwa kitenge.

Siku moja sokoni, jirani yake wa meza, Lambert, muuzaji wa maharagwe na vitu vidogovidogo, alimfungulia gunia. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Alimweleza kwamba aliutoa katika ghala la shamba la kahawa lililoachwa na wenyewe kwa ajili ya vita. Ulikuwa ni DDT, dawa ya wadudu ambayo watu wa mji waliiita dedete.

"Mama, hii iko dawa ya zamani, ya wakati wa Wabeleji," alisema Lambert. "Mbu akisikia harufu yake tu, anaanza kugawa urithi."

Mama Hadidja alicheka, lakini pia alikumbuka. Alipokuwa msichana mdogo, watu wenye pampu mgongoni walipita nyumba kwa nyumba wakinyunyiza kuta, na kwa miezi mingi mbu walipungua. Kumbukumbu hiyo ilikuwa ya kweli. Akauchukua unga.

Alipofika nyumbani aliumwaga katika pembe za chumba, chini ya godoro, na kandokando ya mkeka wa mtoto. Uliobaki aliunyunyiza katika nguo za kumfunika. Viviane alipiga chafya, akauliza kwa adabu kama unga huo hauwezi kumdhuru mtoto. Mama mkwe alimjibu kwamba chafya haijawahi kumwua mtu.

Kulipokucha, mbu walikuwa wamelala chini, miguu juu. Mende nao vivyo hivyo, na hata mijusi ya ukutani. Mama Hadidja aliwafagia wote huku akiimba kasida. Nyumba ikatulia, naye akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu msiba wa Zaina.

Kisha Komanda akaanza kutetemeka. Yeye aliyekuwa akiruka kutoka paani hadi kwenye kapu la samaki, sasa alishindwa kuvuka kizingiti. Kila mguu ulishika njia yake.

"Mama, Komanda wako amekunywa lotoko," alisema Ismaël, aliyekuwa amerudi kutoka Opala. "Paka wa nyumba ya Waislamu, na pombe ya mahindi. Tutasema nini kwa imamu?"

Wakati wanacheka, aliingia muganga Euphrasie. Huyu alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, Mkatoliki, jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Alikuja kumwona mzazi. Alimtazama paka, akautazama ule weupe sakafuni, naye hakucheka. Aliuliza unga ule ni wa nini, na mama Hadidja akamweleza yote kwa fahari.

"Na Komanda analala wapi?" aliuliza Euphrasie.

"Humu, karibu na mutoto."

"Paka anatembea juu ya unga, halafu anajilamba miguu. Ndiyo maana anatetemeka. Sasa niambie, mama, mikono ya mutoto inaenda wapi?"

Wote wakageuka kumtazama Assani. Alikuwa ameingiza ngumi yake nzima mdomoni, anainyonya kwa bidii.

Ismaël alimnyanyua mtoto palepale. Mama Hadidja aliona aibu, lakini uchungu wake wa zamani ukapanda juu ya aibu hiyo.

"Muganga, Zaina aliuawa na mbu," alisema. "Hakuuawa na unga."

Euphrasie alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Umesema kweli, mama. Siwezi kukudanganya. Dedete inaua mbu, na mbu anamaliza watoto wetu. Kwa sababu hiyo wakubwa wa afya wa dunia hawajaikataa yote. Donc, tuweke pande mbili kwa mizani, kama wewe unavyopima samaki."

Akaanza na upande wa faida. Alieleza kwamba katika nchi zenye malaria nyingi dawa ile bado inaruhusiwa, lakini kwa kazi moja tu, nayo ni kunyunyizwa kwenye kuta za ndani. Wanaoifanya kazi hiyo ni watu waliofundishwa, wenye kipimo, waliofunika pua na mikono. Vyakula, vyombo na matandiko hutolewa nje kwanza. Tena ni lazima mbu wa mahali pale wawe hawajaizoea, kwani mbu naye hujifunza, na dawa iliyomshinda jana huenda isimshinde leo.

Kisha akageukia upande wa madhara. Nchi nyingi zimeipiga marufuku mashambani kwa sababu haiishi upesi. Hukaa udongoni na majini miaka mingi. Huingia katika samaki, na kutoka samaki huingia kwa mlaji. Mwilini hukaa katika mafuta, na kwa mama anayenyonyesha hupita katika maziwa. Wataalamu hawajayajua yote, lakini waliyoyaona yanawafanya wahofie hasa wenye mimba na watoto wachanga. Na mtu akiimeza kwa wingi, hupatwa na kutetemeka kama kule kwa Komanda.

"Wale watu wa pampu," aliuliza Euphrasie, "siku ile walikuacha ndani ya nyumba?"

Mama Hadidja akakumbuka. Hawakumwacha. Walimtoa uani pamoja na mikeka na sufuria, na mama yake akawazuia watoto wasiingie mpaka kuta zilipokauka. Miaka yote alikuwa amewakumbuka mbu, akausahau ua.

"Basi maziwa ya Viviane yameharibika," alisema kwa sauti ndogo. "Nitampikia mutoto uji."

"Hapana, mama. Mizani ni ileile. Katika maziwa faida ni kubwa kabisa, na uji kwa mutoto mudogo hivi ni njia ya kuhara. Anyonye, aendelee kunyonya. Kinachotoka humu ni unga, siyo maziwa."

Viviane akampokea mwanawe kwa Ismaël, akamkumbatia. Mama Hadidja hakuridhika bado. Aliuliza: unga ukitoka, nani atamzuia mbu?

"Nani?" alisema Euphrasie. "Wakati wa mimba nilimupa Viviane chandarua chenye dawa. Ile musitikere ya buluu iko wapi?"

Viviane alimtazama mama mkwe. Mama mkwe aliyatazama mabati. Ismaël akakohoa.

"Iko sokoni," alisema mama Hadidja hatimaye. "Inafunika samaki. Nzi walikuwa wengi."

Euphrasie alitikisa kichwa taratibu. "Bon. Donc samaki yako haina malaria."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama Hadidja mwenyewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Muganga aliongeza kwamba dawa ya chandarua imewekwa kwa ajili ya mbu na mtu aliyelala. Haifai kugusa chakula. Samaki waliokuwa chini yake wasiuzwe.

Likabaki jambo moja zito. Ili chumba kisafishwe, mzazi alipaswa kutoka, na arobaini yake haikuwa imetimia. Mama Hadidja alimkumbuka mwalimu wake wa chuo cha Kurani kule Kasongo, aliyewafundisha kwamba kuondoa madhara hutangulia kutafuta manufaa. Mila ya arobaini, alijiambia, iliwekwa imlinde mzazi. Haikuwekwa imfungie na sumu.

Aliinuka, akaufungua mlango, akakitoa na kitenge dirishani. "Viviane, mwanangu, chukua mutoto. Utalala chumbani kwangu."

Kazi ikaanza. Walifunga vitambaa puani na mifuko ya plastiki mikononi. Hawakufagia unga ukiwa mkavu, usije ukaruka. Waliupangusa kwa vitambaa vya maji. Matandiko na nguo walizifua kwa sabuni. Maji machafu waliyamwaga katika shimo walilochimba mbali na kisima na mbali na mto. Ismaël alimwosha Komanda, akapata mikwaruzo ya kutosha kuonyesha kwamba komanda hakuwa amekata tamaa.

Mama Hadidja alikwenda sokoni, akawatoa samaki wale na kuwafukia, akarudisha chandarua. Kilifuliwa katika beseni, Euphrasie akakichovya tena katika dawa yake kituoni, kikakaushwa kivulini. Samaki wapya walifunikwa kwa kitambaa cheupe kisicho na dawa yoyote.

Lambert aliposimuliwa, alianza mzaha, kisha ukamfia mdomoni. Alikuwa ameutia unga uleule katika maharagwe yake, wadudu wasiyatoboe. Mama Hadidja hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hata yeye alidanganywa na macho yake, kwa kuwa waliona mbu waliokufa na hawakuona kilichobaki. Maharagwe yale Lambert hakuyauza tena. Gunia walilifunga ndani ya pipa la chuma, wakaandika SUMU, na muganga akalifungia katika ghala la kituo, mbali na chakula, hadi wenye kazi hiyo watakapolichukua. Hawakulichoma, wala hawakulitupa mtoni.

Arobaini ilipotimia, nyumba ilijaa watu. Palikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Lomami. Watu walipoketi, Komanda aliruka kutoka paani, akanyakua kipande kikubwa kuliko vyote, akatoweka. Kwa mara ya kwanza mama Hadidja hakumrushia kandambili. Alisema, "Alhamdulillahi, amepona."

Mvua zilikuja. Assani alilala chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri pande zote. Mara moja alipata homa, na siku ileile alipelekwa kituoni, akatibiwa mapema, akarudi akidai kunyonya. Mvua zilipokwisha alikuwa anakaa mwenyewe, ana meno mawili, na Komanda alijifunza kumwogopa. Na kila mama aliyefika mezani kwa mama Hadidja aliulizwa kwanza, kabla ya kutajiwa samaki, chandarua chake kinalala na nani.

Ewe Mola, uliyemchukua Zaina, mweke mahali pema. Nao waliobaki katika nyumba ile, na katika kila nyumba yenye mtoto mchanga, wape usingizi usio na mbu, chakula kisicho na sumu, na mji usio na bunduki. Amina.