Biskuti Zote Zimekwenda Magharibi

Sanduku la Cluney lilikuwa juu ya meza ya jikoni tangu Jumatatu. Rhoda alikuwa akilijaza kidogo kidogo. Leo pakiti ya biskuti za chumvi, kesho chupa ya siagi ya karanga. Makopo ya samaki. Zabibu kavu. Na ule mkate mkavu, mgumu kama kigae, ambao watu wetu wanaupenda na kwingine haupatikani. Chochote kisichooza kiliingia sandukuni, kwa sababu njia ya posta ni ndefu na Cluney yuko mbali.

Cluney ni mume wa Rhoda. Zamani alikuwa akivua samaki hapa hapa Ghuba la Tizzard, kisiwani Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Samaki walipoadimika akaenda magharibi, Alberta, kwenye kazi za mafuta. Anakaa huko wiki nyingi. Halafu anapanda ndege, anakuja kulala kitandani kwake siku chache, kisha anaondoka tena. Nyumba nyingi za ghuba letu ziko hivyo. Ukipita asubuhi utaona ni wanawake wanaozoa theluji kwa sepetu milangoni.

"Mama, hizo zabibu ni zangu," alisema Keziah, binti yao wa miaka sita.

"Ni za baba."

"Si baba ana duka huko?"

"Duka analo. Lakini sisi hatumo."

Keziah alifikiri. Akachota zabibu kiganjani, akala mbili, zilizobaki akazirudisha sandukuni mwenyewe.

Jioni Cluney alipiga simu.

"Usisahau mkate mkavu, mpenzi. Jana nimeuota."

"Umeota mkate? Mimi hukuniota?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiuloweka."

Rhoda alicheka. Simu ilipokatika alibaki ameishika, kama vile joto la sauti lilikuwa bado limo ndani.

Kesho yake alibeba sanduku kwenda posta. Njiani alikutana na jirani yake, Shangazi Drusilla. Hawana undugu wa damu, lakini mama huyu amekuwa shangazi wa ghuba zima. Alikuwa mpishi wa kambi za wakata miti kwa miaka mingi, na ulimi wake hauna breki.

"Sanduku jingine?" aliuliza Drusilla. "Huyo mume unamlisha au unamnenepesha tumchinje Krismasi?"

"Anakumbuka nyumbani, shangazi."

"Anakumbuka, sawa. Na nyinyi mmebaki na nini?"

"Mbona friza imejaa! Nyama ya musi, samaki, hata sungura wawili. Unga gunia zima. Viazi viko shimoni nje."

Rhoda alisema hivyo kwa fahari, na si yeye peke yake. Huku kwetu mtu mwenye musi, yule kulungu mkubwa kama farasi, kwenye friza hatembei, anaelea. Anajiona amemaliza majira ya baridi kabla hayajaanza.

"Vyote hivyo vinataka moto," alisema Drusilla. "Na moto wako unatoka kwenye waya. Upepo ukiangusha waya utakula nini?"

"Umeme ukikatika hurudi, shangazi."

"Hurudi, ndiyo. Ukipenda wenyewe."

Rhoda alitabasamu, akaenda zake posta.

Ni kweli moto wa Rhoda ulitoka kwenye waya. Walikuwa na jiko la kuni, lakini Cluney alipopata mshahara wa kwanza wa mafuta aliling'oa, akaweka jiko la umeme na hita za umeme ukutani. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Hakutaka kumfikiria mkewe akibeba kuni peke yake kwenye baridi.

Dhoruba ilikuja wiki ile ile. Redio ilikuwa imesema, lakini redio husema kila wiki. Asubuhi theluji ilikuwa inaanguka taratibu. Kufika adhuhuri ilikuwa inakwenda ubavuubavu, na Rhoda hakuuona hata uzio wa mlangoni. Kisha taa zikazimika. Hita zikaacha kunguruma. Alipoinua simu haikulia chochote.

Siku ile walikula mkate uliobaki. Siku iliyofuata mkate ulikwisha. Upepo haukupungua. Theluji ilikuwa imeziba mlango mpaka juu ya kitasa, na shimo la viazi lilikuwa mahali fulani chini yake.

Rhoda alifungua kabati. Unga. Maharage makavu. Mchele. Hamira. Akafungua friza. Musi, samaki, sungura, vyote vigumu kama mawe. Nyumba ilijaa chakula na hakukuwa na tonge la kutia mdomoni. Palikuwa na jamu ya beri, nusu chupa. Alimlisha Keziah kwa kijiko, naye akalamba kifuniko.

Walikaa kitandani ndani ya mablanketi yote. Keziah alivaa sweta la baba yake, mikono ikining'inia.

"Mama, tumbo linaongea."

"Linasemaje?"

"Linasema baba amekula zabibu zangu."

Rhoda alitaka kucheka. Akageukia ukutani badala yake. Alimtamani Cluney kwa mwili mzima. Si kwa ajili ya kufanya kitu, maana na yeye asingeweza kuwasha umeme. Alimtaka tu awepo, amwambie mtoto hadithi za uongo za samaki wakubwa. Keziah alianza kutetemeka. Mtoto akikosa chakula, mwili wake hauna cha kuwasha joto ndani. Midomo yake ilikuwa imepauka, na alikuwa amenyamaza, yeye ambaye hanyamazi.

Ndipo Rhoda akakumbuka jiko la mkaa. Lilikuwa stoo, pembeni ya jikoni. Ni jiko la kiangazi, la kuchomea nyama uani. Alilivuta mpaka katikati ya jikoni, akamwaga mkaa, akaweka vipande vya musi pembeni. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na chini ya milango alikuwa amesokota taulo kuzuia upepo.

Alikuwa ameshika kiberiti mkononi kioo kilipogongwa. Uso wa Shangazi Drusilla ulikuwa dirishani. Upepo ulikuwa umetulia kidogo, naye alikuwa amekuja akishika uzio, kisha akapanda juu ya lundo la theluji mpaka usawa wa kioo.

"Rhoda! Zima hicho!"

"Bado sijawasha!"

"Basi weka chini! Fungua dirisha, mjinga mpendwa wewe, kabla sijalivunja!"

Rhoda alifungua. Drusilla aliingia miguu mbele, sketi na theluji na yote, akaanguka sakafuni. Alinyanyuka akalipiga jiko teke.

"Unataka tuwazike? Ardhi imeganda, kaburi halichimbiki mpaka machipuko. Mtatukalia stoo miezi mitatu!"

"Mtoto ana njaa, shangazi," Rhoda alisema.

Drusilla alimsogelea. Akamshika mabega.

"Najua, mwanangu. Sikiliza. Mkaa unatoa hewa ya sumu. Huioni, hainuki. Unasikia kichwa kizito, unasema ngoja nijinyooshe kidogo. Huamki tena. Nimeona kambini wanaume wawili, wenye nguvu kuliko Cluney. Jiko la mkaa ni la nje. Hata ufungue dirisha, ni la nje."

Mama mwenzangu, nakuomba usome hayo tena.

Drusilla alikuwa amefunga mfuko kiunoni. Akaufungua, akaingia chumbani na kupanga vitu kitandani mbele ya Keziah. Biskuti. Siagi ya karanga. Njugu. Matofaa makavu. Kopo la maharage yaliyokwisha kupikwa, lenye pete ya kufungulia kwa kidole. Na dagaa wetu wa huku, wale tunaowaanika kwenye mawe kiangazi.

"Kula polepole," alisema. "Anza na biskuti na siagi. Karanga ina mafuta, itakuwasha ndani."

Keziah alikula. Baada ya muda aliuliza, "Shangazi, una meno mangapi?"

"Haya sasa," alisema Drusilla, "mtoto amerudi."

Upepo ulipokuwa bado umetulia, Drusilla aliwafunga kamba kiunoni, akawatoa kwa dirishani na kuwapeleka kwake, ambako jiko la kuni lilikuwa linawaka. Hapo ndipo Rhoda alipouliza.

"Wewe ulijuaje cha kuweka?"

"Najiuliza swali moja dukani: kitu hiki naweza kukila gizani, kikiwa baridi, bila maji wala moto? Kama ndiyo, kinafaa."

"Unga je?"

"Unga ni chakula cha siku njema. Mchele vilevile. Weka vitu vya kula kwa mkono. Biskuti, siagi ya karanga, njugu, matunda makavu, samaki wa kopo, maziwa ya kopo. Vya kutosha siku tatu kwa kila mtu, na zaidi ukiweza. Na maji. Redio ikisema dhoruba, jaza ndoo umeme ungalipo, maana pampu nayo ni ya umeme."

"Nitaweka stoo."

"Stoo? Makopo yakiganda yanavimba na kupasuka, na kopo lililovimba halifai kuliwa. Weka ndani, mahali pasipoganda na unapopafikia gizani. Na opena ya mkono, si ile ya kuchomeka ukutani. Niliwahi kumkuta mtu analigonga kopo kwa shoka."

"Nani huyo?"

"Marehemu mume wangu. Maharage yalifika darini." Drusilla alicheka mpaka akakohoa. "Halafu usiweke vile vitu ambavyo mkono hauwezi kuviacha. Ukiweka chokoleti huyu binti atapata dhoruba kila Jumamosi."

Umeme uliporudi, na simu nayo ikapona, Rhoda alimpigia Cluney. Alimweleza yote. Upande wa pili ilisikika pakiti ikiwekwa mezani.

"Cluney?"

"Nipo. Sanduku limefika jana. Nilikuwa nakula zabibu."

"Usiseme hivyo."

"Usinitumie tena, Rhoda."

"Nitakutumia," alisema. "Nikiacha kukutumia nitakuwa kama nimekubali kwamba umehama. Lakini kwanza la nyumbani lijae."

Akafanya hivyo. Hakununua vyote mara moja, maana nani ana uwezo huo? Kila alipokwenda dukani aliongeza kitu kimoja. Alitumia sanduku la plastiki lenye kifuniko, panya wasiingie, akaliweka chini ya kitanda. Kila majira yalipobadilika alitazama tarehe. Vilivyokaribia kuisha muda walivila au viliwekwa kwenye sanduku la Cluney, na vipya vikaingia chini ya kitanda. Cluney naye, aliporudi likizo, alifunga upya jiko la kuni, akatafuta fundi wa kukagua bomba la moshi.

Majira ya baridi yaliyofuata, Cluney alikuwa anarudi nyumbani. Keziah alikuwa amehesabu kwa vidole, vikaisha, akaomba vya mama. Siku ya kufika, dhoruba ikatangulia. Ndege zilifutwa, Cluney akakwama uwanjani nusu ya safari. Ghuba la Tizzard likaingia gizani.

Rhoda aliwasha kuni. Akavuta sanduku, wakatandika shuka sakafuni karibu na jiko. Nje upepo ulikuwa unafanya kazi yake. Keziah alipaka siagi kwenye biskuti, akapaka na kwenye pua.

Safari hii simu haikukatika. Ililia.

"Rhoda! Umeme?"

"Umeondoka mchana."

"Mna baridi?"

"Hatuna. Tunakukosa tu."

"Nipo hapa naona theluji dirishani, siwezi hata..." Hakumaliza. "Mtoto amekula?"

"Anakula. Keziah, sema na baba."

Keziah alichukua simu lakini hakusema kitu. Mdomo ulikuwa umejaa.

"Subiri amalize," alisema Rhoda.

"Usimharakishe," alisema Cluney. "Msogezee simu mdomoni."

Rhoda akaisogeza. Biskuti ilikuwa kavu, ikawa inavunjika kwa kelele. Kule uwanja wa ndege, katikati ya watu waliolalia mizigo yao, Cluney alifumba macho, akasikiliza mpaka ikaisha.

"Mpe nyingine," alisema.