Msusi wa Adhuhuri

Nyumba ya mjane haifukizwi. Hilo kila mtu wa Garissa analijua, na Muslimo alilijua kuliko wengi. Kwa hiyo aliponusa uunsi sebuleni kwake baada ya swala ya adhuhuri, ule uvumba mtamu wa maharusi, alidhani harufu imevuka kutoka kwa jirani. Akafunga dirisha. Harufu ikazidi. Chetezo chake alikiosha na kukifungia sandukuni siku aliyozikwa mumewe Khalif. Alipofungua sanduku alikikuta pale pale chini ya mitandio, lakini kilikuwa na joto.

Sanduku hilo ndilo lililokuwa duka lake. Muslimo alikuwa mpambaji wa maharusi, na kabla ya msiba wanawake walikuwa hawakauki mlangoni pake. Mle ndani mlikuwa na hina, mafuta ya nazi ya Kihindi, udongo mwekundu wa Moroko wa kuoshea nywele, krimu za Korea zilizopitia Eastleigh ya Nairobi, na bati la qasil, ule unga wa majani ya mkunazi ambao msichana wa Kisomali husugulia uso tangu utotoni. Sasa alikuwa edani. Hina hakuna, manukato hakuna, wanja hakuna. Wateja wake walikuja tanzia, wakala, wakalia, wakaenda zao, na hawakurudi tena. Nani anataka mkono wa mjane karibu na bibi harusi? Hawakusema hivyo, wana adabu zao, walisema tu kwamba wana shughuli. Mtoto hakujaliwa. Siku nyingine jua lilikuchwa hajatumia sauti yake ila kwa kuswali.

Aliyebaki kuja ni Naimo, wifi yake, dada ya marehemu. Siku hiyo alileta maziwa ya ngamia, na pua yake, ambayo siku zote hupata habari kabla ya masikio, ikamsimamisha mlangoni.

“Abaayo, dada yangu,” alisema kwa sauti ya chini, “unamfukizia nani?”

“Sijawasha kitu, wallahi.”

“Na hiyo nywele? Nani amekusuka?”

Muslimo akapeleka mkono chini ya mtandio. Alikuwa amelala kidogo mchana, nywele zimemtimka, hazijaona kitana tangu msiba. Sasa zilikuwa zimepakwa mafuta na kusukwa msuko mmoja mpaka mgongoni.

“Udongo ya kaka yangu haijakauka,” Naimo alisema. Akayaweka maziwa chini bila kukaa, akaondoka, na zikapita siku nyingi bila kuonekana.

Adhuhuri ya Garissa si ya mchezo. Maduka hufungwa, watu hujilaza, hata korongo wa jalalani hutulia. Ni katika saa hiyo Muslimo alipoisikia ile mikono. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, na vidole vikaingia nyweleni mwake taratibu, vikatafuta njia ya katikati, vikaanza kugawanya. Alijua. Mtu hasukwi na upepo. Ayatul Kursiyu aliijua tangu chuoni, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, neno moja tu la kwanza na mengine yangefuata yenyewe, lakini hakuna aliyekuwa amemgusa kichwa tangu Khalif aanze kuugua, na mikono ile ilikuwa na huruma, na ilijua kazi, na yeye alikuwa amechoka kuwa peke yake kiasi kwamba alifumba macho akaiacha isuke.

Kosa lake kubwa alilifanya baadaye. Kitana kilikwama penye fundo, na yeye, kama mteja yeyote yule, akasema, “Taratibu, abaayo.”

“Samahani,” ikajibu sauti ya mwanamke nyuma yake.

Ukishamjibu mgeni umemkaribisha. Tangu hapo kila adhuhuri sauti ilikuja na hadithi. Ilimsimulia mke wa msafiri kule Sudani, aliyekuwa akikaa juu ya shimo la moshi wa mgunga, amejifunika blanketi, mpaka ngozi yake ikawa rangi ya asali, akimngoja mume asiyerudi. Ikamsimulia mshonaji wa Fes kule Moroko na udongo wake mwekundu, na bibi wa Kijapani aliyesuuza nywele kwa maji ya mchele akiwa hana wa kumwonyesha, na mjane wa nyanda za juu za Ethiopia aliyepaka siagi utosini na kuketi juani iyeyuke. Muslimo alicheka. Aliuliza maswali. Alianza kuingoja adhuhuri tangu alfajiri, na hakuona aibu.

Siku moja akauliza, “Na wanawake hao wako wapi sasa?”

“Ninao,” sauti ikasema.

“Unao vipi?”

 Mikono ilikaza tu msuko.

Ilipotulia Muslimo akainuka, na kichwa kilikuwa kizito kikamvuta nyuma. Akaketi mbele ya kioo alichokuwa amekifunika, akakifunua, akaanza kufumua, na kila alipofumua nywele zilizidi kuja, kwanza zake mwenyewe, chache na dhaifu, kisha nyingine nyeusi zilizonyooka zenye harufu ya maji ya mchele, kisha nyingine nyekundu zikidondosha udongo, kisha nyingine nzito zinanuka siagi iliyochacha, zimeshikamana na zake mpaka kwenye ngozi ya kichwa, na alipozivuta aliumia, maana zilikuwa zimeota. Na uso kiooni ulikuwa mzuri kuliko uso wowote aliowahi kuupamba, na haukuwa na tone la jasho. Akajigusa shavu katika joto lile lote. Lilikuwa baridi kama mtungi wa kivulini.

Ndipo alipoelewa kwamba anafanywa kuwa mmoja wao. Akampigia simu Naimo.

“Njoo, abaayo. Njoo na sheikh. Sitapona.”

Naimo aliisikia sauti ile akasahau kinyongo chote. Alikuja na Sheikh Abdijabar, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, akaketi karibu na mlango na kuomba majani ya mkunazi. Naimo akafungua sanduku. Vitu vyote vilikuwa vimepungua nusu, isipokuwa bati la qasil, halijaguswa hata kifuniko. Sheikh akaukoroga ule unga katika beseni la maji.

“Haya humwosha bibi harusi, na humwosha maiti,” alisema. “Na huyu pia yatamwosha.”

Akayasomea maji. Naimo akayamwaga juu ya kichwa cha Muslimo, na mdomo wa Muslimo ukafunguka kwa sauti isiyo yake.

“Nimemfanyia ubaya gani? Nimemsuka. Nimemsimulia. Alikuwa peke yake nikaja. Naimo, wewe ulikuwa wapi?”

Naimo akainamisha kichwa, povu la qasil likimtiririka mikononi.

“Usimjibu,” sheikh alimnong'oneza. Kisha akakaza sauti. “Toka kwa idhini ya Mola wako.”

“Aseme mwenyewe. Akisema niende, nakwenda.”

Koo likarudi kuwa la Muslimo. Na ukweli ni kwamba hakutaka kusema. Aliiona michana yote iliyobaki ya eda, na mingine baada ya eda, ukuta na maziwa na kimya, akasita mpaka sheikh akaacha kusoma. Hapo Naimo akaweka kichwa chake begani mwa Muslimo, vyote viwili maji matupu.

“Nitakuja kila siku, abaayo. Wallahi nitakuja.”

“Toka,” Muslimo akasema.

Msuko ukaanguka mzima ndani ya beseni. Kichwani zikabaki nywele zake tu, fupi, chache. Naimo alikwenda kuuzika ule msuko nyuma ya nyumba, na aliporudi alimkuta Muslimo anatokwa jasho kutoka utosini mpaka miguuni, analia kwa furaha ya kutokwa jasho.

Naimo alikuja, hakusema uongo. Alikuja na maziwa, na mikate ya anjera, na umbea wa soko la mifugo. Kisha mtoto wake akashikwa na homa. Kisha kukawa na harusi Wajir, na ndugu wa damu hakosi harusi. “Wiki ijayo, inshallah,” alisema kwenye simu, nyuma yake vigelegele, na Muslimo akamwambia asijali.

Adhuhuri ile alijilaza ubavu, uso ukutani. Alifungua mtandio. Alijiambia ni kwa sababu ya joto. Hakuna aliyekuja, na lililomuuma ni kwamba alikuwa anangoja.

Kisha akasikia cheko. Lilitoka upande wa pili wa ukuta, kwa Bishara, ajuza ambaye wanawe wote wako ng'ambo, na ambaye Muslimo, katika miaka yote ya ujirani, hakuwahi kumpa zaidi ya salamu ya mlangoni. Harufu ya uunsi ikapenya penye ufa wa dirisha. “Taratibu, abaayo,” alisema Bishara kule, kwa raha.

Muslimo akainua ngumi agonge ukuta, amwambie Bishara asijibu, asome, amwite mtu. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa wivu kabla ya hofu kuwahi kuingia, na ngumi ikabaki hewani, akasogeza sikio.

“Palikuwa na mwanamke mmoja hapa hapa Garissa,” ile sauti ilikuwa ikisimulia, “akipamba maharusi wa watu.”

“Masikini,” Bishara akasema. “Na yuko wapi sasa?”

Muslimo akazuia pumzi.

“Yuko nyuma ya ukuta, anatusikiliza. Mwache tu. Hana mtu.”