Mkono Kwenye Kioo

Haya yalimpata rafiki yangu Twahir, fundi wa runinga pale Shella, Malindi. Alinunua runinga kwa Amjad, mwenzake wa chuo cha Kurani aliyekula naye sinia moja tangu utotoni. Amjad aliapa, "Wallahi, haina ila." Twahir akaona aibu kuijaribu mbele yake.

Magharibi umeme ukapotea, akaiwasha kwa betri. Kioo cha runinga hiyo kilikuwa na vihisio ndani, hulia na kutia wekundu mahali panapokandamizwa, fundi ajue kasoro. Kikalia ka, ka, na upande mmoja wekundu ukachora kiganja na vidole vitano. Hakuna aliyekigusa.

Akampigia Amjad simu. "Umeniuzia nini, ndugu yangu?"

Amjad akauliza taratibu, "Bado ni mkono mmoja?"

Gizani, kioo kikaanza kulia upande wa pili.