Mbuzi wa Wageni wa Seifu

"Mashine hii haitoki! Wallah haitoki! Upitishe kwanza mkokoteni wako juu ya mgongo wangu!"

"Mama Anouar, we unanigombeza nini? Mi nimeiba? Nimelipa. Seifu mwenyewe alipokea pesa leo mchana, kwa mikono yake miwili."

"Leo! Na kila Ijumaa ulipokuwa unakula pilau kwake, ulimlipa?"

"Na we si ulikuwa unakuja na sahani mbili?"

Watu wakaangua kicheko. Kichochoro kizima cha mtaa wa Buyenzi kilikuwa kimeshajaa, maana ugomvi wa majirani ulikuwa mtamu kuliko redio, hasa mwaka ule wa 1998, redio ilipokuwa haina habari nyingine ila mashambulizi na waliokufa. Katikati ya watu alisimama Houda, msichana wa miaka kumi na miwili, ameshika gurudumu la cherehani ya mama yake. Upande mmoja alikuwapo fundi Radjabu, mwenye gereji, na mkokoteni wake. Upande wa pili Mama Anouar, jirani, ameziba lango kwa mwili wake wote, na mwili haukuwa mdogo.

Seifu, baba yake Houda, alicheza mpira Ubelgiji kwa miaka minane. Kila alipokuja likizo, lango lilifunguliwa, ng'ombe akachinjwa, na mtaa mzima ukaingia na sahani zake. Hakuna aliyeulizwa ni nani. Binamu walipewa teksi. Rafiki yake mmoja alipewa fedha za kununua nyumba mbili kule mtaa wa Mutakura, akazinunua kwa jina lake mwenyewe. Vita vilipofika, rafiki akakimbia, nyumba zikachomwa, na hata karatasi moja yenye jina la Seifu haikupatikana. Kisha goti likavunjika, na timu ikamwambia kwaheri. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja tu. Ng'ombe akawa kondoo, kondoo akawa kuku, lakini lango halikufungwa hata siku moja.

Sasa walikaa nyumba ya kupanga, na iliyowalisha ni cherehani. Mwaka ule Mama Houda alishona zaidi nguo za matanga kuliko za harusi. Baba aliiuza cherehani mkewe akiwa sokoni kutafuta nyuzi, akanunua mbuzi, na pesa zilizobaki zikaenda kwenye madeni. Kesho yake wenzake wa timu yake ya zamani ya hapa mjini wangekuja kumsalimu, naye hakutaka waone sufuria ya maharage.

"Houda, mwanangu," Radjabu alisema kwa upole, "mwite baba yako akate maneno haya."

Houda alijua la kujibu. Kwa miezi mingi baba alimfundisha jibu moja, naye alikuwa amelitoa kwa mwenye nyumba, kwa muuza duka, hata kwa mwalimu wake.

"Baba ameenda benki ku..."

Akageuka. Mbuzi alikuwa nyuma yake, amefungwa kwenye nguzo, anatafuna. Juu ya mashine lilikuwapo gauni la matanga ambalo halijamalizika, na mwenye nalo angelifuata jioni. Wakiichukua mashine, kesho wageni watashiba. Na kesho kutwa?

"Apana, Tonto Radjabu, mjomba wangu. Baba hakuenda benki. Yumo ndani. Pesa hakuna. Hazipo tangu nilipokuwa darasa la tatu."

Mtu mmoja alitaka kucheka, cheko likamfia mdomoni. Houda akainamisha kichwa akingoja kipigo.

Mlango ukafunguliwa. Seifu akatoka, anauburuta mguu. "Mtoto amesema kweli," alisema, macho chini. "Mi ndiye nilimfundisha uongo."

Wakati huohuo Mama Houda akafika na nyuzi zake. Watu wakampisha. Akaitazama mashine, akamtazama mbuzi, akaelewa yote. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Seifu zaidi.

"Baba Houda," alisema, "wenzako wakishaondoka, watoto watakula nini? Sifa?"

Seifu akaenda nguzoni. Akamfungua mbuzi, akampa Radjabu kamba.

"Mbuzi huyu hafiki bei ya mashine," Radjabu alisema.

"Najua. Iliyobaki nitailipa kwa kazi."

"Kazi gani? We unajua kuendesha gari, kulifungua hujui."

"Nitajifunza. Na wageni nitawafuata mwenyewe sasa hivi, niwaambie sina cha kuwapa."

Radjabu akautazama mguu wa Seifu. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Ukichelewa nakufukuza kama kijana yeyote. Utakaa chini uoshe vyuma, mguu upumzike."

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Mama Houda akamvuta bintiye kando, karibu na mashine.

"Baba yako si mtu mbaya," alimwambia. "Alidhani mguu ni shamba, utazaa kila mwaka. Pesa ya mchezo humjia mtu angali kijana, na haiji peke yake, huja na marafiki. Asiyeweka akiba siku ya kushangiliwa, na asiyeweza kusema 'leo sina', huliwa mpaka mlango wa nyumba yake. Aibu ya kusema kweli ni ya siku moja, mwanangu. Ya uongo tumeila miaka minne."

Milio ya bunduki ikasikika mbali, upande wa vilimani. Saa ya amri ya kutotembea nje ilikuwa inakaribia. Radjabu alikuwa bado anahangaika kumpandisha mbuzi mkokotenini, mbuzi hataki.

"We Radjabu, mwache mnyama apumue," Mama Houda alimwita. "Maharage yameiva, na samaki ndagala kidogo. Nyama hakuna. Karibu, ingia ule."