Bunduki ya Mjomba Boga

Mmeshaanza. Kila nikikaa nichambue mchicha wangu mnanijia: “Bibi, tuhadithie ya Waziri.” Mkishaisikia mnaogopa kwenda chooni, halafu ni mimi wa kuwasindikiza na magoti haya. Haya, kaeni. Wa kulia aende akalie kwa mamake.

Zilikuwa wiki za mwisho za utawala wa Mzungu, mwaka wa sitini na tatu. Huko Milalani, karibu na Msambweni, alikuwako mzee Boga, aliyekuwa askari katika vita vya Mjerumani. Bunduki yake haikufanana na za wenziwe. Wao walikuwa na zile za kuvuta komeo ubavuni. Yake ilikuwa na kitanzi cha chuma chini ya mkono: unakisukuma chini, unakirudisha juu, krii-chak, risasi imeingia. Mwenzake akipiga moja, Boga ameshapiga tatu. Ilikuwa ya Mzungu mmoja, askari wa kujitolea, aliyekuja nayo kutoka kwao, akafa kwa homa kambini, kando ya mto Umba. Boga akaichukua, akapigana nayo mpaka vita vikaisha.

Sasa chifu akatangaza kuwa siku ya uhuru askari wa zamani watatangulia uwanjani Kwale, kila mmoja na silaha yake. Boga miguu ilikuwa imekwisha. Ikabidi mtu ambebee bunduki, na atakayeibeba ndiyo yake moja kwa moja.

Akampa mwanawe, Chome.

Waziri, mpwa wake, alipopata habari hiyo hakula siku mbili. Wivu ulimkwama kooni kama mwiba wa changu. Miaka tisa alimlimia mjomba shamba. Miaka tisa akimkanda mgongo. Na sisi Wadigo wa zamani tulijua: mali ya mjomba ni ya mpwa, mtoto wa dada, wa tumbo moja. Mtoto wa kumzaa ni wa ukoo wa mamake. Sasa Chome, mvivu yule asiyejua hata kushika jembe, ndiye apite mbele za watu na wasichana wampigie vigelegele?

Jioni moja mamake Waziri akamwambia, “Mpelekee mjomba wako uji huu kabla haujapoa.”

Akaenda. Chome alikuwa msikitini. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu, uso ukutani. Bunduki ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa kanga kuukuu.

Waziri akaweka uji chini. Akainama.

“Shikamoo hukutoa,” mzee akanong’ona, hajageuka. “Irudishe, mpwa wangu.”

“Kaidai kwa Chome shikamoo yako.”

“Waziri... si kwa kukuchukia.”

Lakini Waziri alikuwa ameshatoka nayo.

Alikata njia ya mikorosho. Jua limezama, bado kuna mwanga wa kuonea njia. Kifua kimemjaa. Akajiona Kwale, mbele ya umati. Akatia vidole kwenye kile kitanzi, akakisukuma.

Krii-chak.

Tupu. Akacheka. Akatembea.

Krii-chak.

Safari hii vidole vyake havikuwa kwenye kitanzi.

Akasimama. Harufu ikamjia... tope la mtoni, na baruti. Ndege wote kimya. Kisha akasikia maji yanadondoka. Tone. Tone.

Kando yake palikuwa na mtu, mzigo kichwani, wanakwenda sambamba kama waliotoka pamoja. Kijana mdogo. Kaptula ya wapagazi wa zamani wa Kariakoo, wale waliobebea jeshi mizigo vitani. Debe lake la maji lilikuwa linavuja.

“Mimi Charo,” akasema taratibu. “Nilitumwa maji mtoni. Mwenye bunduki hii alisikia majani yakitikisika. Hakuuliza ni nani.”

Waziri akaikumbatia bunduki.

“Mama yangu bado ananingoja,” yule akasema. “Wewe ni mtu wa mwenye bunduki? Wa ukoo wake?”

Hapo sasa! Mwenye akili angekimbia. Mwenye akili angesema mimi mpita njia tu, ndugu yangu. Lakini wivu ni mjinga, hata mbele ya maiti unataka sifa.

“Mimi ndiye mpwa wake!” Waziri akasema. “Mrithi ni mimi. Si Chome!”

Yule akamtazama. Akatua debe lake chini, polepole, kama mtu aliyefika.

“Haya,” akasema. “Nimesikia.”

Njia ikawa tupu.

Waziri alirudi mbio, akaitupa bunduki mlangoni. Boga alikuwa amekaa kitandani.

“Umekutana naye.”

“Mjomba, ni nani?”

“Ni mtu wa jeshi letu. Nilimpiga nikidhani adui. Deni la damu hufuata tumbo, Waziri. Mimi, mamako, wewe. Chome si wa tumbo letu, hadaiwi. Kwa nini unafikiri nilimpa yeye? Ili bunduki ibaki kwake, wewe upone. Umemwambia nini?”

“Nimemwambia... mrithi ni mimi.”

Mzee akajifunika uso kwa shuka.

Wazee walipeleka mbuzi wa fidia kwao Charo, bara, Mwereni kwa Waduruma. Yule mama alikuwa hai bado, kikongwe, kipofu. Akamkataa yule mbuzi. “Nilipeleka mtoto vitani,” akasema, “sikupeleka mbuzi.” Zamani damu ililipwa kwa mtu wa kukaa mahali pa aliyeuawa, na wazee walilijua hilo. Wakarudi na mbuzi wao. Wala hakuna aliyemlazimisha Waziri. Alfajiri moja aliondoka mwenyewe, kwa miguu, hakuaga.

Siku ya uhuru Chome alipita Kwale na bunduki, wakampigia vigelegele. Waziri alikuwa Mwereni, anamtekea maji kikongwe wa watu.

Mamake alimfuata. Mimi nilikuwa naye, nilikuwa msichana. Tukamkuta anapasua kuni, kikongwe anamwita, “Charo! Charo wee!” na yeye anaitika, “Naam, mama.”

Mamake akamshika mkono. “Waziri, mwanangu.”

Akamtazama kwa adabu sana, kama mtu anavyomtazama mgeni.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Huyo Waziri simjui. Ni ndugu yenu?”