Mwanaume Aliyetafutwa na Deodatha

Siku Mwesigwa alipompenda Deodatha, Deodatha alikuwa anamtafuta mwanaume mwingine. Ilikuwa siku ya gulio, stendi ya Kayanga imefurika, mikungu ya ndizi inapakiwa juu ya magari. Dada mrefu, gauni la kitenge cha bluu na buti za saiti zenye tope, akasimama mbele ya kibanda cha maziwa cha Mwesigwa na kumwonyesha picha kwenye simu. Mwanaume mtanashati, shati jeupe, tabasamu la kuuza.

"Kaka, huyu umemwona? Nikimpata huyu nitalala usingizi."

Mwesigwa hakuwa amemwona, lakini alimmiminia kikombe cha mtindi bure. Dada akarudi kesho yake, na keshokutwa pia, na mwezi haukuisha wakawa wanaitana mpenzi.

Deodatha, au Deo kama alivyozoea kumwita, hakumficha kitu. Alikuwa mhandisi wa maji, na mtu wa kwenye picha, Byabato, ndiye mkandarasi wa mradi wa maji wa kijiji cha Chonyonyo. Tarehe tatu za kumaliza kazi zilikuwa zimempita, kila mara anaomba nyongeza ya muda na anapewa. Sasa serikali ilikuwa inavunja mkataba. Ila barua ya kuuvunja sharti aipokee kwa mkono wake na kusaini. Bila saini hiyo, mkandarasi mwingine hawezi kuingia. Byabato aliyajua hayo yote, ndiyo maana alikuwa hashikiki.

Maelezo yalikuwa yamenyooka, lakini mwenye wivu ukimpa ukweli atakuomba mwingine. Deo akipiga simu, Mwesigwa anategesha sikio huku anajifanya anaosha ndoo. "Nimekuvumilia vya kutosha, Byabato. Nakupa nafasi ya mwisho tuonane." Nani huongea hivyo na mtu wa mabomba? Na Jumamosi moja Deo alipita kibandani akinukia manukato, eti anaelekea Kyerwa kumtafuta. Mwesigwa akajitazama, gambuti miguuni, ananuka ng'ombe, na moyo ukamuuma waziwazi.

"Deo, huyo bwana alikuwa nani wako?"

"Mkandarasi."

"Na kabla ya hapo?"

"Mkandarasi mtarajiwa." Deo akacheka, akambusu shavuni, akaondoka. Kosa lake lilikuwa kucheka.

Alhamisi Mwesigwa alipeleka maziwa Songambele. Kwenye mgahawa wa mama Ainomugisha akamkuta yule wa kwenye picha, anakula matoke kwa nyama ya mbuzi, ametulia utadhani hana deni na mtu. Hapo angempigia Deo simu moja tu, mambo yangeisha. Badala yake alimwinamia sikioni, akamwambia mhandisi anamtafuta, amwache mwanamke wa watu, ahame. Byabato akanawa mikono, akamshukuru sana, akawasha gari.

Nusu saa baadaye Deo akafika na barua yake kwenye bahasha. Mama Ainomugisha, aliyewahi kuonyeshwa ile picha, ndiye aliyekuwa amemwita, na ndiye aliyemweleza nani kamtorosha mteja.

Jioni hiyo hiyo Deo alisimama kibandani kwa Mwesigwa, macho mekundu kwa vumbi na hasira.

"Ulimwambia akimbie?"

"Nilidhani unampenda."

"Wanawake wa Chonyonyo wanashuka bondeni na madumu, mwaka wa pili huu. Nenda kalitazame lile tenki, kisha uniambie kama hayo ni mapenzi."

Tangu hapo Deo hakuzipokea simu za Mwesigwa. Mwesigwa akaenda Chonyonyo. Tenki lilikuwa kavu, mbuzi wamelala kivulini mwake, na bibi mmoja mwenye dumu kichwani aliitikia shikamoo yake bila kusimama, maana kusimama na mzigo ule ni kazi nyingine. Mwesigwa akaona aibu ya kweli.

Akawauliza wauza maziwa wenzake wote, Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa watu hao hakuna ua wasiouingia. Siku ya nne jibu likaja. Akamwandikia Deo: "Byabato yuko Kamuli, nyumba yenye geti jekundu. Nimeziba geti kwa pikipiki, gari lake halitoki. Sina cha kujitetea. Njoo."

Deo akaja. Byabato akatoka ndani na tabasamu lake, akamshika bega.

"Deo mrembo wangu, mwezi mmoja tu. Ni mvua ilinikwamisha."

Mwesigwa alikunja ngumi. Wivu aliusikia mpaka kwenye meno, lakini ngumi aliibakiza mfukoni.

Deo akauondoa ule mkono begani. "Mvua ya kwanza nilikuelewa. Ya pili nilikuelewa, na ya tatu pia. Saini hapa."

Byabato akatazama geti, akaitazama pikipiki, akasaini kwenye daftari la kupokelea barua.

Nje, Mwesigwa alishindwa kujizuia. "Na yale manukato ya Jumamosi?"

"Mjinga wangu," Deo akasema taratibu, "kabla ya kwenda Kyerwa nilipita kwa nani?"

Mwesigwa akakosa pa kuuweka uso. Akaomba radhi, akaomba tena, kisha akasema kwamba kama bado anatakiwa, atatuma mshenga nyumbani kwao.

"Lini?"

"Baada ya wiki mbili."

Deo akalifungua daftari lile lile, chini ya saini ya Byabato akaandika tarehe, akampa kalamu.

"Saini. Na usije ukaniomba siku hata moja zaidi, Mwesigwa. Nyongeza zangu zote alizimaliza yule bwana."