Kioo cha Laptop Kilichoandikwa "Nzima"

Siku ilianza kama siku zake zote za miaka mitatu: chai ya rangi, shangazi anafagia kwa nguvu kuliko uchafu uliopo, na Digrii mezani chumbani kwake, mgongo kwa kitanda, anafungua laptop. Jina hilo alipewa na mtaa. Wengine walilitamka kwa heshima. Shangazi alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

Ila Jumatano hiyo Digrii alikuwa na cha kujivunia. Katika maombi mia na kitu aliyotuma, kampuni moja ilijibu: you have been shortlisted. Usaili kesho, saa nne asubuhi, kwa video.

Akainua kioo. Kikapepesa, kikachora mistari ya kijani, kikazima. Akakisogeza nyuma kidogo, kikawaka. Akakiachia. Giza.

"Hata yenyewe imechoka kutuma maombi," shangazi alisema mlangoni.

Fundi aliyempelekea laptop alifanyia kazi kwenye chumba chembamba, vioo vilivyotumika vimepangwa rafuni kama vitabu. Alikuwa na utaratibu wake: kila kioo alichotoa kwenye laptop ya mtu, alikibandika nyuma tepu ya karatasi na kuandika kilichoiua. Maji. Umeme. Imekaliwa.

"Kioo chako hakina neno," alisema. "Waya ndio umekatika, hapa kwenye bawaba. Nikibadilisha waya, umepona. Lakini waya mpya unafika kesho mchana."

"Kesho mchana kazi itakuwa imeshanipita. Hicho je?"

Digrii alikuwa ameshakivuta kimoja rafuni, na waya wake unaning'inia. Kisafi, hakina hata mkwaruzo. Nyuma, kwa mwandiko wa fundi: Nzima.

"Kama ilikuwa nzima, ilikufikiaje?"

Fundi alishusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Mama mmoja aliileta. Ya binti yake, marehemu. Naye alikuwa anatafuta kazi, kama wewe. Akasema toa vyote, uza vyote, ila kioo usimwekee mtu."

"Na hukukitupa."

"Mkono ulikuwa mzito." Akamtazama. "Mdogo wangu, waombe wasogeze muda. Ngoja waya."

Digrii alicheka, kicheko cha mtu aliyesoma takwimu miaka minne akaishia kuwapigia chapa mitihani watoto wa jirani. "Fundi, wenye kazi zao hawasogezewi saa na sisi. Weka. At my own risk."

Akaweka.

Mchana ule Digrii alifanya mazoezi ya majibu, akapiga pasi shati lake jeupe, akalitundika ukutani. Alipozima laptop, kioo cheusi kilimwonyesha uso wake, shati, na kitanda nyuma yake. Godoro lilikuwa limebonyea, kama linavyobonyea mtu akikaa.

Akageuka. Shuka lilikuwa limenyooka.

Macho, alijiambia. Macho yenye njaa ya mshahara.

Kesho yake saa nne, wasaili watatu wakatokea. Mama wa katikati akauliza: "Tuambie kosa kubwa ulilowahi kufanya kazini."

Digrii, ambaye hakuwahi kupata kazi ya kukosea, alifungua mdomo.

"Dada," mama yule akamkatiza, "mwambie mwenzako asikujibie."

"Niko peke yangu."

"Tunamwona."

Digrii aliangalia kidirisha kidogo chenye picha yake mwenyewe. Nyuma yake, kitandani, amekaa msichana. Mikono magotini. Midomo inacheza.

Chumbani hapakuwa na sauti.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

Wasaili walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Wanaandika. Wanatabasamu. Si kwake.

"Majibu mazuri sana," mama yule alisema mwishowe, macho yamepita juu ya bega la Digrii. "Basi, Jumatatu."

Picha ikakatika.

Saa saba barua pepe ikaingia. Walisikitika kumjulisha. Nafasi wamempa mwenzake.

Digrii alibeba laptop hadi kwa fundi. Waya ulikuwa umefika. Fundi akakitoa kile kioo, akakigeuza. Tepu haikuwepo. Ilibaki alama ya gundi tu.

"Umeibandua?"

"Umeifunga wewe, fundi. Nitaifikiaje?"

Akarudisha kioo cha zamani. Kile kingine akakivunja kwa nyundo, vipande vikawa kama chumvi.

Jumatatu Digrii aliamka saa tatu. Shangazi alimkodolea macho jikoni, sahani mkononi.

"Si nimekuona unatoka saa moja, na shati lako jeupe? Nimekusalimia, hukuitikia. Nikasema haya, kumbe kazi kapata, na imeshampanda kichwani hata mshahara haujaja."

"Nilikuwa nimelala, shangazi."

Walikwenda chumbani pamoja. Ukutani hanga ilikuwa tupu.

Wakashinda sebuleni, mlango wa chumba wazi mbele yao. Hakuna aliyepita. Saa kumi na moja na nusu shangazi alinyanyuka, akachungulia, akaita kwa sauti ndogo ambayo Digrii hakuwahi kuisikia kwake.

Shati lilikuwa limerudi. Kola ilikuwa na jasho, bado la moto. Mfukoni mlikuwa na kipande cha tepu ya karatasi, kwa mwandiko wa fundi: Nzima.

Walilala sebuleni wote wawili. Jumanne, saa moja asubuhi, hanga ilikuwa tupu tena.